Medali Ambayo Mpangaji Wetu Hakuibusu

Mlango wa mbele wa nyumba yetu pale Mazwi, Sumbawanga, una kazi nyingi kuliko mimi. Juu ya fremu kuna tawi kavu la Jumapili ya Matawi, limegeuka rangi ya mkeka wa zamani. Chini yake kuna picha ya Malaika Mkuu Mikaeli akimkanyaga shetani, na miaka yote shetani huyo amekuwa akinitazama mimi badala ya kumtazama malaika. Kwenye kitasa imefungwa medali ya Mtakatifu Benedikto kwa uzi mweusi. Medali ni ya kanisa, uzi ni wa mama yangu. Kizingitini kuna chumvi ya baraka. Nyuma ya mlango, ndani ya kopo la maziwa, kuna punje za ulezi ambazo mama huzinyunyiza nje kila zinapokuja habari mbaya. Kuku wanazila, na mama anasema basi hata kuku sasa wamelindwa. Tumekula kuku wengi waliolindwa.

Ulinzi wote huu ni dhidi ya wanyonya damu. Mjini wanasema mumiani. Mama, aliyezaliwa karibu na mpaka wa Zambia, anasema banyama, na akilitamka neno hilo hupunguza sauti hata kama tuko wawili tu na cherehani. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani kabisa waliosemwa kuwa banyama ni mapadre wazungu wenyewe, kwa sababu ya kanzu zao nyeupe na ndevu, na kwa sababu kila asubuhi walikunywa kitu na kutamka waziwazi kwamba ni damu. Nilipomuuliza mama inakuwaje leo tunajikinga na banyama kwa chumvi iliyobarikiwa na padre, akanijibu kwamba shule imeniharibu. Nilisoma mpaka kidato cha nne. Kama iliniharibu, ilifanya haraka.

Mimi ni fundi cherehani wa barazani. Sitoki. Wapo wenye ugonjwa wa safari, mimi nina ugonjwa wa kiti. Nguo zinaniletea habari: nikishika suruali iliyochanika gotini najua nani ameanguka na bodaboda, nikiletewa gauni la kuongezwa kiunoni najua kabla ya mume. Nchi nzima inatutania watu wa Sumbawanga kwamba tunatuma radi na kusafiri kwa ungo. Wangeniona mimi wangesikitika. Mchawi gani huyu, kufika sokoni tu ni mpaka abembelezwe?

Chumba cha uani tulimpangisha dada mmoja kutoka Mbeya, mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya. Alikuja na godoro, ndoo mbili, na picha ya mtoto wake wa miaka minne aliyemwacha kwa mama yake kule Tukuyu. Alikuwa kwenye kipindi cha majaribio kazini. Alituambia siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajauliza choo kiko wapi: amalize mwaka, athibitishwe, amlete mtoto. Kila mwisho wa mwezi alikata mstari kwenye kalenda ukutani kwa kalamu nyekundu. Habari za banyama zilipoanza, ilikuwa imebaki miezi miwili.

Sijui kama sisi Wafipa na watu wa kwao tuna utani wa asili. Sisi wawili tuliujenga wenyewe. Alikuwa akitoka asubuhi na sanduku lake la baridi, lile la bluu lenye mkanda, la kubebea sampuli za damu kutoka zahanati za vijijini, nami nimejikunja kwenye cherehani na blanketi begani.

"Mzee wa ndani, umeamka au umeletwa?"

"Nimeamka. Leo unaenda kumnyonya nani?"

"Wewe nilishakupitia. Nilikuta chai tupu."

"Basi nibakizie kidogo nimalizie hii sketi."

Wateja walicheka. Nami ni mtu ambaye mteja akicheka mara moja nitamrudishia kichekesho kilekile mpaka aombe nguo yake hata kama haijaisha. Kwa hiyo nikakiendeleza. Mama mmoja aliyeleta mapazia nikamwonyesha chumba cha uani kwa kidole: "Pale ndiyo ghala. Lita ngapi unataka?" Mwingine nikamwambia kwamba mpangaji wetu halipi kodi kwa fedha. Vilikuwa vichekesho vizuri. Nasema hivi kwa uchungu wa fundi: vilikuwa vimekaa vizuri mwilini.

Kisha zikaja habari. Zilitoka upande wa Kalambo, wakati watu wako mashambani wanavuna mahindi. Gari lisilo na namba. Mtu ameokotwa pembeni ya shamba, mweupe kama karatasi, hana tone. Aliyeokotwa hakuwa na kijiji. Kila msimuliaji alimweka kijiji cha jirani. Ndani ya wiki moja bodaboda wote wa stendi walikuwa na rozari kwenye usukani, na vitunguu saumu vilipanda bei. Mama alitia chumvi mpya kizingitini na kunifunga uzi mweusi kifundoni mwa mkono, mtu mzima wa miaka arobaini na saba.

"Mama, banyama atanifuata mimi? Atapata nini?"

"Atapata mjinga aliyekaa sehemu moja," akasema mama. "Hata kukukimbiza hahitaji."

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya. Ndiyo utaratibu: nyumba kadhaa za jirani zinasali pamoja kila Jumamosi asubuhi, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ni mama mmoja muuza mahindi, mwenye sauti ambayo ingeweza kuongoza misa bila kipaza sauti na bila padre. Siku hiyo alikuja na medali ya Mtakatifu Benedikto kubwa kama kisahani cha kikombe. Baada ya rozari na sala ya Malaika Mikaeli, akaipitisha. Kila mtu aibusu, alisema, ili jumuiya nzima iwe chini ya ulinzi mmoja. Tukabusu. Ilikuwa na ladha ya midomo ya watu ishirini.

Wakati huohuo mpangaji wetu alikuwa uani, anaanika sare yake kwenye kamba. Alisimama kwa heshima tulipokuwa tunasali, mikono mbele. Mama mwenyekiti akamwona.

"Binti, karibu na wewe. Ulinzi haubagui."

"Shikamoo mama. Nashukuru sana." Alitabasamu. "Ila sisi kwetu hatubusu. Mniombee tu, inatosha."

"Ni medali ya mtakatifu, siyo nyoka."

"Najua mama. Ndiyo imani yetu tu."

Hakuisogelea. Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni, akaipeleka nyuma ya mgongo, kama mtu yeyote anavyofanya akiwa na mikono yenye povu. Na hapo hapo nikaona macho yakihama, kutoka kwenye medali kwenda kwenye ile mikono iliyofichwa, kisha kwenye sanduku la bluu lililokuwa mlangoni kwake likikauka juani.

Mimi nilijua. Hili ndilo siwezi kulizunguka. Kidato cha pili nilikaa dawati moja na kijana wa Mbeya, Mmoraviani, aliyekaa rozari nzima mikono juu ya magoti bila kujifanyia ishara ya msalaba hata mara moja, na dhambi yake kubwa niliyoijua ilikuwa kuiba sukari yangu. Katika ua ule mzima, nilikuwa mtu pekee aliyekaa na Waprotestanti kwa karibu kiasi cha kujua kwamba hawabusu medali kwa sababu ileile ambayo sisi hatubusu chupa ya soda. Sentensi moja ingetosha. Watu wote walinigeukia, maana yeye ni mpangaji wangu na mimi ndiye msemaji.

Nikasema, "Mwacheni jamani. Akiungua midomo, kesho nani atatupima malaria?"

Walicheka. Mpangaji naye alicheka, maskini, kwa sababu ulikuwa utani wetu. Kicheko kiliisha kabla sijamaliza kukifurahia. Mama mwenyekiti akaifunga medali kwenye kitambaa, polepole, kama mtu aliyepata jibu la swali ambalo alikuwa hajauliza.

Jumapili asubuhi mbele ya mlango wa mpangaji kulikuwa na mstari wa chumvi. Haukumwagwa ili kumzuia mtu kuingia. Ulikuwa upande wa nje, mnene, kutoka fremu hadi fremu, ili aliye ndani asitoke. Yeye akatoka, akauruka kwa sababu alidhani ni sabuni ya unga imemwagika, akaenda zake kanisani kwao. Mama alikuwa ameshika pazia anachungulia.

"Amevuka," nikamwambia mama. "Basi siye."

"Labda ilikuwa chumvi ya mwaka jana," mama akasema.

Jumatatu mstari ulikuwa mara mbili.

Sitamaliza kueleza ule ukatili mdogomdogo wa wiki ile, mwingine niliuona kwa macho na mwingine niliushona kwa mikono. Muuza nyanya wa kona alianza kumwekea nyanya chini ili wasigusane vidole. Akina mama waliwavuta watoto ndani akipita, na mtoto mmoja, kwa raha tu, alikuwa anajilaza barabarani akijifanya amekauka. Bodaboda walimwambia pikipiki ina shida, zote, siku zote. Akawa anatembea mpaka barabara kuu na sanduku begani. Wateja wangu walileta vitambaa vidogo nivishonee mifuko ya kuvalia chumvi shingoni. Nilishona mingi, na mingine ilikwenda kwa ndugu zao walioko mashambani. Sikumuuliza mteja hata mmoja ni ya nini, na yote niliipiga pindo mara mbili isivuje.

Alhamisi jioni, jua bado lipo, akaja barazani. Hakusema mzee wa ndani.

"Fundi, Jumamosi mnasali wapi?"

"Kwa mama mwenyekiti. Nyumba ya tatu."

"Naomba uniseemee." Aliirefusha ile irabu kama watu wa kwao. "Mimi wakinisikia wanazidi. Wewe ni wa kwao. Sema tu Wamoraviani hatubusu medali. Basi. Na sema ulikuwa unatania."

"Hilo dogo."

"Kwako dogo. Jumatatu napelekwa Msanzi na vijiji vya mbele, siku nzima, peke yangu. Nikikataa kwenda wataandika sifai. Nimebakiza wiki saba, fundi."

"Nitasema," nikamwambia. "Nitasema mpaka wachoke."

Akanishukuru. Akaniachia ndizi mbili.

Sasa, Jumamosi. Kulikuwa na ule upepo wa uwanda unaopita kwenye tundu la funguo na kukutafuta chini ya blanketi. Niliamka, nikavaa shati, nikavua. Nilijiona nimesimama katikati ya wale watu ishirini nikieleza kwamba kile kichekesho chao kizuri kilikuwa changu na kilikuwa uongo. Kila mtu angeniangalia bila kucheka. Kwa mtu wa aina yangu hicho ni kifo. Nikarudi kitandani nikamwambia mama nina homa.

"Homa gani?"

"Ya ndani."

Mama akanigusa paji la uso, akanitazama, akaenda peke yake. Nyumba ya tatu! Niliwasikia wakiimba.

Aliporudi hakuwa peke yake. Mama mwenyekiti alikuja na wengine wanne, wakasimama mlangoni mwa chumba changu. Mimi, ili homa yangu iaminike, nikalegeza shingo. Ni lazima nieleze kwamba mtu asiyetoka nje hubadilika rangi. Viganja vyangu vilikuwa vimepauka, macho yangu yana weupe wa kitani. Mama mwenyekiti akafungua kope langu la chini kwa kidole gumba, kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Hana damu," akasema.

Nilitaka kucheka. Badala yake niliona mama yangu akikaa chini polepole, mkono mdomoni. Yule mwanamke wa mapazia akasema, "Si alisema mwenyewe? Kwamba alishampitia. Mbele yangu walisema wote wawili, wakacheka."

"Utani ule," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kwa sababu nilikuwa nimejivutia blanketi mpaka mdomoni.

"Msikieni," mama mwenyekiti akasema. "Hata sauti imechukuliwa."

Hapo nilipaswa kuinuka, nivae suruali, nizunguke ua mara tatu nikiimba. Nikaanza hata kuinuka. Lakini mmoja wao alikuwa ameshaniletea bakuli la supu ya kuku, ya moto, yenye pilipili manga, na mwingine alikuwa anasema analeta uji wa ulezi wenye karanga kwa ajili ya kurudisha damu. Nikajiambia: nitakunywa kwanza, nipate nguvu za kueleza. Nilikunywa. Jumapili ikaja maini. Sijawahi kulishwa vile tangu nilipozaliwa, na sina hakika hata wakati huo. Watu walikuja kuniona, wakaondoka wakinong'ona. Mpangaji alikuwa zamu kituoni siku zote mbili, anarudi mimi nimesinzia. Mara moja alibisha kuuliza nimeongea nao, mama akamjibu kupitia mlango uliofungwa kwamba ninaumwa. Nilisikia. Nilikuwa na ini mdomoni.

Jumatatu alikwenda Msanzi na sanduku lake.

Yaliyotokea huko niliyapata kwa dereva wa lori la mahindi aliyemrudisha, ambaye alisimama ukumbini kwetu akisimulia huku akijipangusa mikono kwenye suruali, tena na tena. Kilikuwa kijiji cha mbele ya Msanzi, saa nne asubuhi, jua kali, watu wanapukuchua mahindi uwanjani. Habari ilikuwa imemtangulia: ndiye aliyemmaliza fundi wa Mazwi. Alipofungua sanduku kuweka sampuli za zahanati, wakalipindua. Vile vichupa vikapasuka, na damu, ambayo ilikuwa damu ya watu wa kijiji hichohicho waliopimwa asubuhi ile, ikamwagika kwenye vumbi. Wanawake wakapiga yowe. Wakamkalisha chini. Wakamlisha chumvi ya baraka kwa viganja, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na mfuko wake wa shingoni, mpaka akawa anatapika na bado wanajaza. Dereva alisema mifuko yote ilikuwa ya aina moja, yenye pindo mbili. Kisha wakaleta medali. Wakamwambia abusu. Alisema atabusu. Alisema wazi, dereva alimsikia: "Nabusu, nipeni, nabusu." Lakini walishaamua kumbusisha wenyewe. Walimsukumia ile medali mdomoni kwa nguvu, tena na tena, wakimhesabia, mpaka midomo ikapasuka kwenye meno. Walipoona damu kinywani mwake wakapiga kelele kwamba mnaona, mnaona sasa. Dereva alipiga honi, akaendesha lori katikati ya mahindi yaliyoanikwa, akamvuta ndani kwa mkono mmoja.

Yeye alipita ukumbini bila kukaa. Akaja mpaka mlangoni kwangu. Sare ilikuwa na vumbi na matapishi, midomo imevimba kama ya mtu mwingine. Kwenye kiti kando ya kitanda changu kulikuwa na sahani yenye paja la kuku.

"Uliwaambia?" akauliza. Maneno yalitoka kwa shida.

"Nilikuwa naumwa, dada."

Akaitazama ile sahani. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Unaumwa nini?"

Mama akajibu kwa niaba yangu, kutoka nyuma yake, kwa sauti ya kuogopa: "Hana damu."

Nilidhani atanitemea mate. Alitikisa kichwa tu, akaenda kufungasha. Asubuhi basi la Mbeya likamchukua na picha ya mtoto na begi moja. Godoro na ndoo aliviacha. Jumuiya ilitoa shukrani Jumamosi iliyofuata, na kwa kuwa nilikuwa nimepona, walinipa mimi kusoma somo. Nilisoma vizuri. Nina sauti nzuri ya kusoma.

Baada ya wiki moja akanipigia simu. Midomo yake ilikuwa imepona kiasi, alisema. Hilo nililiuliza mimi. Wakubwa wake walikuwa wameandika kwamba ametoroka kazini. Walikuwa tayari kumpangia kituo kingine na kumhesabia muda wake, kama angeleta barua kutoka alikokuwa anaishi, yenye muhuri wa serikali ya mtaa, ikieleza kwamba alikuwa hatarini na hakukimbia kwa uvivu.

"Wewe ndiye mwenye nyumba," akasema. "Unajua kuandika."

Niliandika siku hiyohiyo, na nilijisikia mtu mwema sana. Kulikuwa na "kutokana na uelewa mdogo wa baadhi ya wananchi" na "hali ya sintofahamu iliyojitokeza". Mama mwenyekiti mwenyewe aliipeleka kugongwa muhuri, maana haikumgusa mtu. Nikaipiga picha nikamtumia.

Majibu yakaja Jumatatu. Wakubwa wameikataa. Alinisomea simuni alivyoelezwa: barua haina mtu. Kila kitu kimetendwa na baadhi ya wananchi. Wanataka mmoja aliyekuwepo, aseme mimi nilikuwepo, ilianza hivi, nikasema hivi. Mwisho Ijumaa.

"Andika tu ilivyokuwa, fundi. Sitakushtaki. Nataka kazi yangu."

Niliandika. Kwa mara ya kwanza niliandika kila kitu: lita, ghala, midomo kuungua, homa, supu. Ukurasa mmoja na nusu, mwandiko safi. Ilibaki muhuri tu. Na safari hii nisingeweza kumtuma mama mwenyekiti. Ofisi ya mtaa haiko mbali, ukisimama barazani kwetu unaona bendera yake. Lakini karani wa pale ana kawaida yake: haigongi karatasi muhuri mpaka ameisoma kwa sauti, ili walioko kwenye benchi nao wapate habari. Na kwenye lile benchi, siku yoyote ya wiki, wamekaa wateja wangu.

Jumatano nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Alhamisi nilivaa viatu, nikafika getini, nikasimama pale mpaka jirani akaniuliza kama nimefungiwa nje. Nikarudi. Ijumaa upepo ulivuma vibaya sana. Alinipigia mara tatu asubuhi, mara mbili mchana. Simu iliruka juu ya meza ya cherehani kama mende aliyepinduka. Niliifunika kwa kitambaa, nikakanyaga pedali ili nisiisikie. Jioni ukaja ujumbe mmoja: Basi usihangaike tena.

Barua bado ninayo. Siyo siri, iko kwenye droo pamoja na vifungo.

Kituo kilimleta mtu mwingine. Kijana wa Kikatoliki kutoka Sumbawanga hapahapa, mchangamfu, ambaye siku ya kwanza alibusu medali ya mama mwenyekiti pande zote mbili. Anazunguka na sanduku la bluu lilelile, mkanda umeshonwa upya, nilimshonea mimi. Watu wanampa mikono kabla hajaomba. Hata mama alimnyooshea wake, akageuza uso pembeni, akatolewa damu kichupa kizima na kusema haikuuma.

Alikuwa anatafuta chumba. Nikamwonyesha cha uani. Akapapasa godoro, akalisifu, akaitazama ile kalenda ukutani yenye mistari myekundu.

"Aliyekuwepo hapa alihama kwa nini, mzee?"

Mama alikuwa mlangoni na ungo wa ulezi. Hakuacha kupepeta.

"Alipata uhamisho," nikasema.